Sababu ya Kuchelewa

Mezani kwangu kuna skrini saba,
na kila treni kati ya Doncaster na York
ni mstari mwekundu unaotambaa.
Ya saa tano na dakika nne najua ilipo.
Ya mizigo najua imekwama wapi, na nani kaikwamisha.
Kiatu cha kushoto cha Hidaya sijui kilipo.

Treni ikichelewa dakika tatu, naandika sababu.
Ndiyo kanuni: hakuna dakika isiyo na mwenyewe.
Majani relini. Ng'ombe. Dereva kaugua.
Siku moja, mabata bukini wawili waliogoma kuondoka.
Chekechea kwa Swabri nako wana kanuni yao,
dakika moja pauni moja,
na Bi Bronwen huipokea akitazama ukuta,
kwa adabu, kana kwamba nimevuliwa nguo.

Shaibu anatoka, mimi naingia.
Tunakabidhiana watoto ngazini:
homa imeshuka, uji uko jikoni,
umependeza, kwaheri.

Mama hupiga simu kutoka Tanga:
mshika mawili, mwanangu, moja humponyoka.
Mama, ningekuwa nimeshika mawili
ningelala.

Jana usiku jino la Hidaya liling'oka.
Akanipigia; Selby kulikuwa na treni imezimika,
nikamwambia, ngoja.
Neno langu hilo. Ninalo kuliko chumvi.

Asubuhi nikamkuta ngazini, kavaa koti juu ya nguo za kulalia,
jino kalifumbata.
Hakutaka kuliweka chini ya mto,
hamtaki yule jini wa Kiingereza anunuaye meno kwa sarafu.
Anataka paa.
Mimi ndiye niliyemwahidi paa.

Vigae vilikuwa vimeganda barafu.
Akarusha; likateleza, likarudi.
Akarusha; likarudi, likazama kwenye majani,
nikalitafuta kwa magoti, sare yangu ikilowa,
Swabri akinishangilia dirishani.
Mara ya tatu nilimpandisha mabegani,
mimi niliye macho tangu jana alfajiri,
na hatukusikia likianguka.
"Limekubaliwa," akasema, upepo ukimtoka pengoni.

Langoni shuleni kuna daftari la waliochelewa:
jina, saa, sababu.
Nikashika kalamu. Hili nalijua.
Nikaandika: Jino.

Karani akainua macho. "Daktari wa meno?"
"La," nikasema. "Paa."