Kadi ya Kiganja

Vizibo vya soda arobaini na tatu,
kutoka mlangoni hadi mguu wa kitanda.
Nikivisogeza nifagie, Asava anajua.
Analia mpaka jirani zangu wa Kaptembwa
wanagonga mabati kwa mwiko.

Mama mkwe alipiga simu kutoka Vihiga:
"Damu yetu haina mambo hayo."
Sikumjibu. Nilikuwa naosha damu, ile ya kweli,
pale alipojing'ata mkono.

Chelang'at alikuja Jumanne, viatu vimejaa vumbi,
akaketi sakafuni, kigoda akakiacha.
Hakumwita. Hakumshika kidevu amtazame.
Alitoa mfukoni kizibo cha soda ya tangawizi
akakiweka mwisho wa mstari.
Arobaini na nne.
Asava akakigusa. Akakiacha hapo.

Nilingoja dawa; akaniachia daftari.
"Andika kabla ya kilio kulikuwa na nini,
na baada yake wewe ulifanya nini."
Wewe.
Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.
Kumbe na mimi nilikuwa darasani:
kuzima redio,
kuhesabu kumi kabla ya kunena,
kushika kikombe cha maji na kungoja, kungoja,
hadi mkono mdogo ubandue picha ya kikombe ukutani
unipe.
Wiki tisa. Kurasa nzima za siku zilizokataa.

Jumapili moja wakaja watu wa maombi
kukemea pepo. Kihoro mbele, jasho, kayamba,
kiganja chake kizito juu ya utosi wa mwanangu.
Nilijua kitakachofuata. Nikahesabu. Nne. Tano.
Asava akachomoka chini ya mkono ule,
akaenda ukutani, akarudi na kadi
ya kiganja kilicho wazi,
ile tuliyoiita Inatosha,
ambayo hajawahi hata kuigusa,
akamwekea Kihoro kifuani.

Kihoro aliigeuza, akatafuta maandishi nyuma.
"Anasema nini?"
"Anasema inatosha."
Kayamba likanyamaza, punje kwa punje.

Nilichukua penseli, vidole vikitetemeka,
nikapiga mstari mmoja daftarini,
kisha nikabandika chai ya wageni.

Kihoro alipotoka aliinua suruali kidogo
akaviruka vizibo, polepole,
kama anayevuka shamba la mtu
lililopandwa jana.