Mara Kumi

Sonara Ramniklal wa Barabara ya Saba
katandika kitambaa cheusi, kakung'uta kikaratasi,
mawe matatu yakabingirika, yakatulia.
"Chagua kwa jicho kwanza, bibie," kasema,
"halafu nitakupa lensi."

Sikungoja. Jicho langu la kulia linalea mtoto wa jicho;
daktari wa Bombo kaniandikia Septemba.
Nikanyoosha mkono, nikaipokea lensi
kama aliyerudishiwa kijiko chake mwenyewe.

Miaka thelathini na mmoja nimeinamia hadubini
katika chumba chenye harufu ya spiriti,
nikitafuta vimelea ndani ya damu za watu:
pete ndogo za samawati,
kila moja na kijiwe chake chekundu.
Pete nimeziona nyingi kuliko sonara yeyote.

Jiwe la kwanza, kasema, halina doa. Bei yake
ni kiwanja Pongwe na nyumba hadi usawa wa lenta.
"Halina doa kwa mara ngapi?"
"Mara kumi. Ndiyo sheria ya dunia nzima, bibie:
kisichoonekana kwa mara kumi, hakipo."
Nikacheka hadi miwani ikateleza.
Mara kumi! Kwa mara kumi, Ramniklal,
Tanga nzima haijawahi kuugua malaria.

Akanifundisha hata hivyo, nami ni mwanafunzi mzuri.
Nukta nyeusi ni fuwele iliyomezwa na fuwele.
Ufa huu mwembamba wanauita unyoya:
ukikaa katikati ya uso, bei inaporomoka;
ukikaa ukingoni, ukucha wa pete unaufunika
na hakuna atakayeuliza,
ila ukitokeza hadi nje, usiigongeshe pete kwenye sinki.
Na wingu ni vidoa visivyohesabika kimoja kimoja,
haviui mng'aro mpaka vijazane.
"Cheti kisome," kasema, "lakini ununue jiwe.
Ligeuze. Ubavuni ndiko linakosema kweli."

Jiwe la pili lilikuwa na wingu.
Nikahamia jicho la kushoto.
Wingu lilikuwa langu.

Usiku mmoja wa masika umeme ulikatika,
nikakielekeza kioo cha hadubini kwenye tochi.
Namba mia nne kumi na saba, mtoto, miaka mitatu.
Nilitazama nyuga arobaini. Kanuni ni mia.
Nikaandika: *Vimelea havijaonekana.*
Sikuandika kwamba havimo. Sikudanganya hata herufi.
Asubuhi nilipopita wodini
kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka jipya
na mhudumu anapiga deki uvunguni.

Sijui alikuwa na nini. Slaidi nilikwisha kuiosha.

"Na hili?" Ramniklal kalisukuma la tatu kwa kibano.
Nukta moja, nyeusi, karibu na ukingo,
na pembeni yake unyoya mfupi kama kope.
"Hili nitakupunguzia. Kwa macho matupu
hakuna mtu harusini atakayeiona hiyo nukta."
"Sina harusi," nikamwambia. "Nina kiinua mgongo."

Nikaomba kalamu. Nyuma ya stakabadhi
nikachora duara, kama nilivyochora maelfu,
nikaitia nukta mahali pake, na unyoya,
upande ambao saa ya ukutani huandika nane.
Akautazama mchoro, akalitazama jiwe,
akavuta stuli, akaketi.
"Wateja huchora hivi wakihofia nitawabadilishia."
"Nina hofu," nikajibu, "ila si yako."

Bei tulikubaliana bila kelele nyingi;
alitaka kuongeza, nikataka kupunguza, tukachoka pamoja.
Kabla hajalifunga nikaiomba tena ile lensi,
nikasogea dirishani kwenye mwanga wa mtaa,
nikaligeuza jiwe polepole, uso baada ya uso,
midomo ikihesabu bila sauti,
nikazimaliza zile sitini.