Mkono Mwepesi

Mimi nauza vifungo, zipu na nyuzi, Mchikichini.
Meza yangu imegusana na cherehani ya Bi Sikudhani,
na nyuma ya daftari la madeni
naandika maneno ambayo watu humwachia
wakishalipa, na wengine kabla ya kulipa.

Kijana wa benki, suruali yake ilipunguzwa kiuno
kabla soda aliyoishika haijaisha ubaridi.
"Mama, wewe fundi," akasema.
Nikaandika: fundi.
Lakini hata yule wa bomba ni fundi,
aliyetuachia choo kinavuja tangu Ramadhani.
Neno hili halichagui kichwa,
humvika kofia yeyote mwenye bisibisi.

Mwalimu wa sekondari alitamka "mahiri"
polepole, kama anayeweka bilauri mezani,
kisha akaomba apunguziwe mia tano.

Hodari huambiwa mtoto aliyemaliza uji.
Bi Sikudhani hulipokea kama chenji pungufu.

Mkali, wanasema wafungua marobota,
"Bi mkubwa mkali huyu!"
na mbwa wa getini Upanga naye ni mkali,
na pilipili, na jua la saa saba
linapotukuta bila turubai.

Nililolipenda kuliko yote ni mwepesi.
Lilikuwa la Mwinshehe, mwanagenzi wake,
mtoto wa Mzenga, vidole virefu, maneno machache.
Wembe uliovunjwa katikati,
ncha inapita chini ya uzi, juu ya kitambaa,
mahali ambapo hakuna mahali,
na mshono unaachia bila kulia.
"Ana mkono mwepesi!" wateja walisema,
naye aliinama kuficha meno.

Alhamisi, mama mmoja wa Tabata
akapapasa mkoba, pochi haimo.
Akapapasa tena. Akapiga ukelele.
Macho yakaanza kutembea:
yalinipita, yakampita muuza kahawa,
yakatua kwenye wembe.

"Huyo," mtu akasema,
"huyo ana mkono mwepesi."

Neno lilelile.
Sikuona herufi iliyoongezwa wala iliyopungua.
Jana lilivaa shanga,
leo linauliza nani ana tairi.

Watu wakajaa. Mwinshehe akawa mdogo.
Na mimi, mwenye maneno yote nyuma ya daftari,
sikupata hata moja la kutoa.

Bi Sikudhani akasimama,
na goti lake la kushoto halisimami bure.
"Mkoba wa mtumba?"
"Wa mtumba."
"Lete."
Akaingiza vidole, akasikiliza bitana
kama mkunga anavyosikiliza tumbo.
Palikuwa na tundu, kwenye kona,
na chini kabisa, kitu kizito kimelala.
Akamrushia Mwinshehe mkoba.
"Fumua."

Sijapata kuona mkono mzito kama ule.
Mishono minne
ilimla muda wa kufumua suruali nzima.
Wembe ulitetemeka, uzi ukakataa, ukakubali,
pochi ikaanguka vumbini, na noti zake zote.

Hakuna aliyeomba radhi.
Mmoja alicheka: "Bibi mjanja huyu!"
nalo nikaliandika, kwa mazoea,
kisha nikalikata, kalamu ikatoboa karatasi.
"Elfu mbili," Bi Sikudhani akamwambia yule mama,
"kurudishia bitana."
Akalipa.

Jioni, tukifunga meza, nikamuuliza:
"Wewe mwenyewe, unayoyafanya haya
unayaitaje?"
Alikuwa anatunga sindano, jicho moja limefumba.
Akaninyooshea ncha ya uzi, uzi wangu,
niliomuuzia asubuhi.
"Shika hapa."

Nikaudondosha.
Mwinshehe akaudaka kabla haujagusa chini,
akatazama kushoto, akatazama kulia,
akaupenyeza mkono mfukoni.