Mashine Isiyosaga

Chilumba alikuuza kwa kilo.
Akapima kichwa, akapima meza,
akapima goti lako la chuma kwenye mizani ya korosho,
akaandika nyuma ya pakiti ya sigara:
vyuma chakavu, jumla.
Hakuuliza ulikuwa nani.

Guta lilikatika ekseli chini ya mlima Mkomaindo.
Tukakusukuma, vijana watano na mlevi mmoja,
hadi uani kwangu,
kati ya banda la kuku na pipa la maji.

Asubuhi Bi Somoe alifika na debe la makopa kichwani.
“Nasikia umeleta mashine.”
“Nimeleta.”
“Debe shilingi ngapi?”
“Haisagi, bibi. Inachonga chuma.”
Akakuzunguka. Akaigonga meza yako kwa ukucha.
“Mashine isiyosaga!”
Akajitwika debe lake,
na kabla ya adhuhuri Masasi nzima ilikuwa na jina la kukuita.

Nilikuosha kwa mafuta ya taa.
Mswaki wa Mwanaiba ukapotea, kisha wa mtoto, kisha wangu.
Chini ya kutu, kijani.
Chini ya kijani, kijivu.
Chini ya kijivu, matone meusi, magumu,
mafuta ya ganda la korosho, yale yababuayo vidole,
nikajua umetoka kiwanda kipi:
kile kilichobangua misimu michache
kisha nacho kikabanguliwa, bati, mlango, nyaya.

Na nilipoipindua meza,
nukta kwa nukta, kwa ncha ya patasi:
MCHOPA 81
na mshale mdogo, na maneno mawili:
ANZIA HUKU.

Sikumwelewa Mchopa.
Nilikuwa na shughuli na jivuno.
Nilichanganya buluu ya kufulia na mafuta ya nazi,
nikapaka kioo cha dirisha, nikakilaza mgongoni mwako;
paliponasa rangi ndipo palipojivuna,
nikapakwangua.
Paka, laza, kwangua.
Jivuno lisilofika unene wa unywele
lilinila Ramadhani nzima, kati ya futari na daku,
na bado kona moja haijanyooka. Nimeiacha. Naijua.

Mota yako ilidai fezi tatu.
Mimi ninayo moja, nayo ni ya Luku.
Nikakufunga mota ya pampu ya shule, iliyokwisha kuzikwa stoo.
Ulipoamka taa za nyumba zilisujudu,
na Mwanaiba akatoka na simu mkononi:
“Uniti nne! Huyo anakula kuliko mgeni.”

Ulizunguka. Lakini ulidanganya.
Nikigeuza usukani, meza haisikii;
robo duru nzima skrubu inacheza peke yake
kama mtu anayeitika “naja” naye yuko kitandani.
Nikakutukana wiki mbili.
Kisha usiku mmoja, mkono ukiwa na grisi, nikaukumbuka mshale.
Nikarudi nyuma kupita alama, nikaanzia huko,
upande wa Mchopa,
na meza ikafika pale pale nilipoiambia.
Aliijua kasoro yako. Hakuiponya.
Alimwandikia ajaye.

Mwezi wa tisa mashine ya Mzee Ausi ilisimama.
Puli inazunguka, shafti imelala; njia ya kabari imeliwa.
Mtwara mjini walimwambia wiki tatu.
Alikuja nayo imefungwa kwenye gunia, kama mtoto mgonjwa.
Milimita nane upana, nne kina.
Nikaanzia huku.
Chuma kikatoka kwa vikunjo vya buluu, vya moto,
kuku wakavikimbilia wakidhani chakula.

Jioni Bi Somoe alipita, mweupe wa unga hadi kwenye kope.
“Bado haisagi?”
“Bado.”
“Mh.”
Akaweka sahani ya unga juu ya meza yako, akaenda zake.

Nikaiondoa upesi.
Unga huvuta unyevu.
Nikapafuta, nikapapaka oili.