Bomba la Tano

Lumir aliagiza ekzosi ya mabomba sita, chuma king'aacho,
kwa injini ya silinda sita aliyoichomoa kwenye lori la nafaka
aipachike pikapu ya baba yake.
Akafa Machi. Boksi halijafunguliwa.

Desemba, Nebraska. Spana inang'ata vidole.
Ardis anapima: bomba la tano linagusa gia ya usukani.
Unene wa kidole tu.

Jirani Duane:
"Rudisha. Funga ile ya kalibu,
nzito, haina maneno, huipasha kabureta moto.
Januari utanishukuru."

Kweli tupu. Hata Lumir angeitikia,
kisha asifanye.

Ardis anashika nyundo,
analibonyeza bomba jipya kabla halijaonja moshi.
Linapita.

Nyumba nzima ina vibonyeo hivyo.
Anavijua kwa kupapasa.