Sentimita Sitini na Tano

Fomu inauliza: matumizi ya jengo.
Nikaandika: kuishi.
Inauliza: idadi ya vyumba.
Vinne, nikaandika, na choo ndani,
ingawa mama bado haamini
kwamba choo kinaweza kuwa ndani
na watu wakala wali nyumba hiyohiyo.

Magunia kumi na moja ya korosho, shamba la Ng'apa,
mnada wa pili, kabla bei haijalegea:
ndizo tofali zangu hizo.
Kangomba niliikwepa misimu mitatu.
Tulikula mihogo, tukanywa chai ya rangi,
nikafundisha darasa la nne kugawanya kwa desimali
huku kichwani nikigawanya mifuko ya saruji.

Seti nne za mchoro, alisema kijana wa dirishani,
na muhuri wa mchoraji aliyesajiliwa,
siyo huyu fundi Nnunduma na rula yake ya shule.
Lakini Nnunduma ndiye aliyejenga nusu ya Mtanda!
Ndiyo maana, akasema,
maji ya mvua hayana pa kupita.

Nikaenda. Nikarudi.
Risiti ya kodi ya ardhi imekosewa jina:
Hidaya nimekuwa Hidaka.
Wiki mbili kuwa mimi tena.
Hakuna aliyeniomba chochote, nasema kweli,
na nilikuwa nimejiandaa:
noti imekunjwa nyuma ya kitambulisho,
ikarudi nayo nyumbani,
ikanunua ngisi.

Siku ya ukaguzi alikuja Editha wa mipango miji,
viatu vya kufunika katika jua la Novemba,
tepu ya chuma kiunoni kama panga la mkulima.
Jiwe la mpaka tulilitafuta saa nzima.
Kuku alikuwa analiatamia pamoja na mayai yake.
Akapima. Akaandika. Akapima tena.
Vyumba viko sawa, akasema. Choo kiko sawa.
Baraza haliko sawa.
Limeingia hifadhi ya barabara
sentimita sitini na tano.

Mama alikuwa amekaa palepale,
kwenye baraza la udongo la nyumba inayosubiri kubomolewa,
alipoketi eda,
alipochagulia samaki na kugombania chenji,
aliponisikiliza nikisoma herufi nikiziruka ngumu.
Sitini na tano ni kiasi gani? akauliza.
Editha akamwonyesha kwa viganja viwili, hewani,
kama mtu anayesimulia samaki.
Mama akaitazama ile hewa.
Hapo, akasema,
ndipo inapokaa miguu yangu.

Editha hakujibu.
Akatoa kalamu nyekundu, akalikata baraza
kwenye seti ya kwanza,
akalikata kwenye ya pili,
ya tatu, ya nne,
kila mara taratibu, kila mara mstari mnyoofu.

Kibali kilitoka Alhamisi.
Muhuri wa bluu umekaa upande,
juu ya chumba cha mama, karibu na dirisha.
Sharti la tisa: mwenye kibali hataongeza
kitu chochote nje ya mchoro ulioidhinishwa.
Nikalisoma kwa sauti.
Mama akaniambia nirudie lile neno, kuongeza.

Leo tumefika kwenye lenta.
Tunalala banda la jikoni, tunanuka moshi,
wanafunzi wananikwepa.
Juzi mama alimwita Nnunduma,
wakanong'ona kama wachumba.
Akaja na mbao za mwembe, misumari ya nchi nne,
na ile rula:
benchi, upana sentimita sitini na tano,
hajapunja hata moja.
Asubuhi linatoka, magharibi linaingia.
Lina miguu yake, anasema mama,
na mwenye miguu haombi kibali cha kusimama njiani.

Editha hupita na pikipiki ya ofisi.
Hupunguza mwendo, huangalia benchi,
huangalia kuta, huangalia mbele.
Mama husogea kidogo, huacha nafasi.
Bado hajakaa.
Ana viwanja vitatu Mitwero kabla ya saa sita.