Chafya ya Gunia

Betri ya gari ilikaa juu ya kigoda
kama mgeni aliyekataa chai.
Ndiyo iliyotuletea Jumatano,
Tororo, nyumba za kiwanda cha saruji,
ambako hata kikohozi kilikuwa cheupe.

Runinga ya Mama Nyaketcho ilikuwa na rangi mbili na chenga nyingi.
Kaka yangu Owori alipanda juu ya bati
kuigeuza antena upande wa mpaka,
maana kicheko chetu kilivuka kutoka Kenya bila pasipoti.
"Hapo?" "Bado!" "Hapo?" "Hapo! Aa, umepita!
Rudi! Mkono usiutoe!"
Basi akabaki huko juu, kashika waya,
akisikia vicheko vyetu kupitia mabati
na kuuliza: "Amefanya nini? Jamani, amefanya nini?"
Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu.

Alikuwa Bwana Pima, mwenye duka,
ambaye mzani wake haukukubaliana na mtu.
Suruali fupi, kofia ya kuazima,
na jinsi alivyonyamaza kabla ya kujibu:
hapo, kwenye kunyamaza, ndipo tulipovunjika mbavu.
Nilikuwa na miaka minane.
Nilijua tu kwamba mtu mzima anaweza kuanguka kutoka kitini
makusudi,
na nyumba nzima ikapumua.
Baba alicheka mara mbili mwaka ule.
Zote mbili ni za Bwana Pima.

Kisha Jumatano ile:
Bwana Pima kajificha ndani ya gunia la maharage,
polisi yuko mlangoni, mkewe kaketi juu ya gunia
anamuuliza polisi, sukari vijiko vingapi,
picha ikajikunja ikawa mstari,
mstari ukawa nukta,
nukta ikatuaga.

Watu kumi na saba gizani. Mtu akasonya.
Sijui nani alinituma.
Niliingia ndani ya gunia.
Gunia halikuwepo; niliingia hivyo hivyo.
Nikapiga chafya.
Nikawa polisi: "Mama, kiti chako kina mafua?"
Nikawa mkewe: "Ni maharage ya Kapchorwa, afande.
Hayajazoea joto la huku."
Nikasikia bati likilia, miguu ikitua uani,
na Owori, kwa mara ya kwanza,
akacheka akiwa ndani, pamoja nasi,
mkono bado umekunjwa kama ulioshika waya.

Leo niko Kampala, studio moja ya Ntinda,
sebule ya mbao yenye kuta tatu.
Mimi ni mlinzi wa geti. Nina maneno manne sehemu nzima
na kila neno nimelala nalo wiki mbili.
"Ofwono, punguza," asema mwongozaji.
Napunguza. Linabaki kubwa.
Napenda kila kitu hapa: nyaya zinazonikwaza,
taa inayonichoma kisogo,
chai ya maziwa iliyopoa tukirudia mara ya tisa,
runinga ya sebuleni, ambayo ni kasha tupu,
ndani mna viatu vya mtu.

Bi Kagoya wa poda alikulia Busia.
Aliiona sehemu ile mpaka mwisho.
Nilimshika mkono wenye brashi: iliishaje?
"Polisi alikunywa chai, akaenda zake."
Basi?
"Basi. Majina yakapita."

Nikakaa na poda shavu moja.
Nikampigia dada Athieno.
"Mwongo huyo," akasema. "Mimi nilikuwepo.
Gunia lilipiga chafya. Niliona kwa macho yangu."
Mle gizani, dada?
"Mle mle gizani."

Owori siku hizi anaendesha trela za Juba.
Runinga hana, usingizi hana.
Lakini jioni, popote mtandao unapomkuta,
ujumbe wake huingia, ule ule:
"Umefanya nini?"

Simu inatetemeka mfukoni mwa sare ya mlinzi.
Wananiita, taa zimewaka.
Nitamjibu, kaka yangu.
Ngoja kwanza
ninyamaze kidogo.